Kivumishi “late” cha Kiingereza: lini ni marehemu, lini ni aliyechelewa, na lini si hili wala lile?

Mpwa wa Magomeni

Habari za jioni, wanajukwaa, na shikamooni wakubwa wote.

Ninaomba msaada katika jambo la lugha ambalo limetugawa nyumbani. Baba yetu mkubwa alifariki dunia mwezi uliopita, na wasifu wake uliosomwa siku ya mazishi uliandikwa kwa Kiswahili, kama ilivyo desturi. Sasa watoto wake wawili wanaoishi Uingereza wameomba wapelekewe nakala ya Kiingereza, kwa sababu wajukuu waliozaliwa huko hawasomi Kiswahili na kanisa wanalosali limepanga ibada ya kumkumbuka. Kazi imeniangukia mimi, kwa kuwa ndiye ninayeshinda mbele ya kompyuta.

Wasifu wenyewe ni kama mnavyozijua nyaraka hizi, kwamba karibu kila sentensi inaanza na neno marehemu: “Marehemu alizaliwa Korogwe. Marehemu alipata elimu ya msingi hukohuko. Marehemu alijiunga na kazi ya reli. Marehemu ameacha mjane, watoto na wajukuu.” Binamu yangu alinitangulia kuandika rasimu, naye akaweka “The late was born in Korogwe”, kisha “The late joined the railways”, akaendelea hivyo hadi mstari wa mwisho. Sikio langu linakataa, lakini nikiulizwa sababu sina. Shangazi naye anashikilia kwamba tuandike “Our father is late”, maana ndivyo anavyowasikia watu wakisema ofisini kwake miaka yote.

Juu ya hayo, ipo fomu ya kampuni moja ya bima ya huko huko Uingereza, ambayo katika ukurasa mmoja ina “late husband” na “late claim”. Mama mkubwa aliposomewa alituuliza kwa uchungu kama hao watu wanadai kwamba mumewe alikuwa akichelewesha malipo. Nilimtuliza, ila ukweli ni kwamba hata mimi sikuweza kumweleza ni kwa nini neno moja lifanye kazi hizo zote, na mtu atajuaje ni ipi inayokusudiwa mahali fulani. Naomba mwenye ujuzi anifafanulie, na ikiwezekana aniambie wasifu huu niufasirije usiwe kichekesho.


Mfasiri, Upanga

Poleni sana kwa msiba, na umfikishie mama mkubwa pole zangu.

Sikio lako halikudanganyi. “Marehemu” ni nomino, kwa hiyo linasimama peke yake na kubeba sentensi nzima bila kuomba msaada. “Late” ni kivumishi, na likiwa na maana ya mtu aliyefariki halikai pasipo jina la kuliegemea. Ni kweli kwamba Kiingereza huruhusu baadhi ya vivumishi vitanguliwe na “the” na kufanya kazi ya nomino: “the poor” ni maskini, “the rich” ni matajiri, “the dead” ni wafu. Lakini hivyo hutaja kundi zima la watu, na “late” halimo hata katika kundi hilo. Neno lenye ruhusa ya kusimama peke yake kwa ajili ya mtu mmoja aliyefariki ni “the deceased”. Mwingereza akisoma “The late was born in Korogwe” atabaki akingoja jina ambalo haliji, kisha atakisia.

Kuhusu namna ya kuzitenganisha maana, tazama kwanza neno limekaa wapi. Likitangulia nomino inayomtaja mtu, na mbele yake pana “the”, “my”, “his”, “their” au neno la aina hiyo, karibu kila mara maana ni marehemu: “my late uncle”, “her late husband”, “the late Mr Fulani”. Likija baada ya kitenzi cha kuwa, maana katika Kiingereza sanifu ni kuchelewa: “my uncle is late” ni kwamba mjomba tunamsubiri na chakula kinapoa. Tofauti ya mahali tu imemtoa mtu kaburini ikamweka kwenye foleni ya Jangwani. Na likitangulia kitu au tendo badala ya mtu, basi ni kuchelewa au kuwa mwishoni mwa muda fulani. Kwa hiyo fomu ya mama mkubwa haina utata: “late husband” ni mumewe marehemu, na “late claim” ni dai lililowasilishwa baada ya muda uliowekwa. Hapana mahali ambapo mzee anadaiwa chochote, na ningekuwa wewe ningemweleza hivyo leo hii kabla hajalala.

Kanuni hiyo ina mlango mmoja wa kuvujia. Zipo nomino zinazomtaja mtu kwa tendo analolifanya, na tendo hilo ndilo linalopokea kivumishi. “Late applicants” ni waombaji walioleta maombi baada ya tarehe ya mwisho, wala hawajafa. “Late arrivals” ni waliochelewa kufika. Lakini “the late tenant” msomaji atamwona mpangaji aliyefariki, na mwenye nyumba anayetaka kumlalamikia mpangaji asiyelipa kodi kwa wakati itambidi aandike kwa kirefu kwamba mpangaji huyo hulipa kwa kuchelewa.

Sasa wasifu. Usijaribu kulipa kila “marehemu” kwa neno moja la Kiingereza. Sisi hurudia neno hilo kwa heshima, na pia kwa sababu ndani yake mna dua, kwani asili yake ni Kiarabu, lenye mzizi mmoja na rehema, kwa maana ya aliyerehemewa. Kiingereza hakina desturi hiyo ya kurudia, na ukiandika “the deceased” mara kumi utakuwa umeandika taarifa ya polisi. Andika “the late” pamoja na jina lake kamili mara moja tu, kwenye kichwa cha wasifu, kisha endelea kwa jina na “he”. Msomaji wa Kiingereza hataona upungufu wowote wa adabu.


Mwalimu Mstaafu, Temeke

Marahaba. Mfasiri amesema vizuri, nami nitaongeza historia kidogo kwa sababu ndiyo inayoeleza uhusiano wa maana hizi, ambazo kwa mtazamo wa juujuu hazina undugu.

Katika Kiingereza cha kale neno hili lilihusu mwendo, wala halikuhusu saa. Mtu au mnyama aliyeitwa hivyo alikuwa mzito, mvivu, wa kujikokota. Neno la Kilatini “lassus”, yaani aliyechoka, linatoka katika mzizi huohuo wa mbali. Baadaye maana ikahama kutoka kwa anayejikokota ikaenda kwa anayefika baada ya wakati, safari ambayo haihitaji maelezo kwa yeyote aliyewahi kumfuatilia fundi cherehani katika wiki ya harusi. Maana ya marehemu ilikuja mwishoni mwa karne ya 15, na haikutokana moja kwa moja na kuchelewa. Ilitokana na matumizi ya neno hilo kama kielezi, kwa maana ya “hivi karibuni”. Mtu aliyeitwa “late” alikuwa mtu aliyekuwapo hadi juzijuzi. Ndiyo maana katika vitabu vya zamani utakuta neno hilo likitumika hata kwa aliye hai aliyeacha cheo, kama vile serikali iliyotoka madarakani. Kwa sasa usilitumie hivyo, maana utamzika mtu mzima wa afya. Aliyeacha cheo ni “former”, na mume wa talaka ni “ex-husband”.

Undugu mwingine ambao wanafunzi wangu wengi hawakuwahi kuambiwa ni huu: “last” na “latter” ni watoto wa “late”. Zamani ndivyo neno hilo lilivyolinganishwa, na maumbo ya “later” na “latest” yalikuja baadaye yakachukua kazi ya wakati, huku yale makongwe yakibaki na kazi zao maalumu. “The latter” ni wa pili kati ya wawili waliotajwa, na haifai kwa watatu. Baina ya “latest” na “last” pana shimo ambalo waandishi wetu wa habari hutumbukia. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyepata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021, yu hai na anaandika. Riwaya yake mpya kabisa ni “his latest novel”. Ukisema “his last novel”, msomaji anaweza kuelewa kwamba hakuna nyingine itakayofuata, ama kwa kustaafu ama kwa kifo.

Kisha kuna “late” la kipindi, ambalo halina kifo wala kuchelewa. “The late 1960s” ni miaka ya mwisho ya muongo huo, na Azimio la Arusha la mwaka 1967 lingeingia humo. “Late April 1964” ni mwishoni mwa Aprili, na Muungano wa tarehe 26 unaingia humo pia. Umri nao huhesabiwa hivyo. Darasani nilikuwa nikiandika ubaoni sentensi moja yenye “late” tatu: “The late Julius Nyerere was in his late thirties when Tanganyika became independent in late 1961.” Mwalimu Nyerere alizaliwa Aprili 1922, kwa hiyo tarehe 9 Desemba 1961 alikuwa na miaka 39. Kwa Kiswahili ya kwanza ni hayati, ya pili ni alikuwa akielekea miaka arobaini, na ya tatu ni mwishoni mwa mwaka. Maneno matatu tofauti, na hapana hata moja linaloweza kukaa mahali pa jingine.


Mhariri, Kijitonyama

Shikamoo Mwalimu. Sentensi yako ni nzuri kwa ubao, lakini ingefika mezani kwangu ningeifuta “late” ya kwanza. Wahariri makini wa Kiingereza hawapendi kumwita mtu “late” katika sentensi inayosimulia jambo alilolifanya akiwa hai. Mwaka 1961 Nyerere hakuwa marehemu, na ukiandika kwamba “the late President” alisaini mkataba fulani, msomaji mkorofi atakuuliza alishikaje kalamu. Kanuni hiyo wengi wanaiona kuwa ya kupita kiasi, na mimi mwenyewe siifuati kila mara, ila katika wasifu ina faida, kwa sababu wasifu wote unahusu mambo aliyoyafanya mtu akiwa hai. Inakubaliana na ushauri wa Mfasiri kwamba neno litokee mara moja tu.

Jambo la pili ni muda. Kwa kuwa chimbuko la neno ni “hivi karibuni”, Kiingereza huliacha mtu anapogeuka kuwa wa historia. Hakuna anayeandika “the late Shakespeare”, na mwandishi akisema “the late Seyyid Said” kumhusu sultani aliyefariki mwaka 1856 atachekwa. Hapana idadi rasmi ya miaka. Kinachoangaliwa ni kama wapo watu wanaomkumbuka marehemu kama mtu waliyemfahamu, na kama msomaji anahitaji kukumbushwa kwamba amefariki. Nyerere alifariki tarehe 14 Oktoba 1999, na hapa kwetu bado tunaandika “the late” bila kujiuliza. Nadhani tutaendelea kwa muda mrefu, kwa sababu tunafasiri kichwani neno “hayati”, na hayati halina tarehe ya kwisha. Shaaban Robert alifariki mwaka 1962, na bado yapo makongamano anayotajwa kama marehemu Shaaban Robert bila mtu kuona ajabu.

Kwa kuwa tumelitaja hayati: kwa Kiarabu maana yake ni uhai, na nchini kwetu limekuwa kama joho la viongozi. Rais, waziri mkuu au mwasisi huitwa hayati, ilhali baba mkubwa wa Magomeni ni marehemu. Kiingereza hakina ngazi hizo mbili. Rais ni “late” na mpiga ramli ni “late”.


Wakili, Kivukoni

Naongezea upande wa nyaraka za kisheria, maana familia hii bila shaka itafika huko katika mirathi.

Maombi ya usimamizi wa mirathi yanayoandikwa kwa Kiingereza huanza kwa maneno “In the matter of the estate of the late”, na baada yake jina. Hapo “late” ni la kawaida. Lakini mistari michache chini yake mnaweza kukuta “late of Magomeni, Dar es Salaam”, na hili ni jingine kabisa: “late of” hutaja mahali alipokuwa akiishi mtu hadi kifo chake. Nimewahi kuona tafsiri iliyoandikwa “marehemu wa Magomeni”, kana kwamba Magomeni ina marehemu wake na Ilala wake. Iandikwe “aliyekuwa mkazi wa Magomeni”, inatosha.

Ndani ya maombi hayo, baada ya kichwa, sheria huhama kutoka “the late” kwenda “the deceased”, na hapo kurudia kunaruhusiwa kwa sababu wakili anataka msomaji asiwe na shaka hata kidogo kuhusu nani anatajwa. Kwa hiyo binamu yako hakuota tu. Huenda alikuwa akikumbuka mtindo wa mahakamani, akachukua neno lisilo lake.

Kuhusu “late claim”, sisi husema dai lililoletwa nje ya muda. Mama mkubwa asiishie kwenye tafsiri. Aangalie fomu inataka dai liwasilishwe ndani ya muda gani tangu siku ya kifo, kwa sababu maneno hayo mara nyingi huwekwa kuonya kwamba dai la nje ya muda linaweza kukataliwa au kuhitaji maelezo ya sababu. Wala fomu isimngoje mtu amalize kufasiri wasifu.


Dada wa Sinza

Naheshimu yaliyosemwa, lakini namtetea shangazi. “My father is late” kwa maana ya kwamba amefariki nimeisikia Dar es Salaam, Nairobi na Kampala, kwa watu waliosoma na wasiosoma, na sijawahi kumwona aliyeshindwa kuelewa. Mtu akiulizwa kwenye usaili baba yake anafanya kazi gani, akajibu “He is late”, chumba kizima kinanyamaza na mwulizaji anasema pole. Hakuna anayetazama saa. Lugha inayosemwa na mamilioni ya watu kwa miaka mingi, nao wakaelewana, nashindwa kuiita kosa kwa sababu tu London hawaisemi.

Nadhani pia ina sababu. Kusema “He is dead” kwa sikio letu ni sawa na kusema amekufa, na mtu mwenye malezi hasemi baba yake amekufa. Tunasema amefariki, ametutoka, ametangulia mbele za haki. Watu walitafuta Kiingereza chenye upole huo, wakaliona “late” katika “my late father”, wakalihamisha mahali. Huo ni ubunifu.


Mfasiri, Upanga

Dada, sibishani nawe kuhusu Nairobi na Kampala, na katika mazungumzo ya hapa mjini mimi mwenyewe huielewa na sihisi haja ya kumsahihisha mtu. Ninachokataa ni kuipeleka kwa wajukuu waliokulia Uingereza. Wao wakisoma “Our grandfather is late” hawatasikia ule upole unaousema. Watasikia kwamba babu amechelewa, na katika ibada ya kumbukumbu hilo litaumiza. Upole upo pia katika Kiingereza cha huko: “He passed away” hufanya kazi ileile ya kufariki dunia, na haina mahali inapokataliwa.


Mkulima, Kigamboni

Mimi si mtu wa lugha, lakini neno hili tunalo shambani. Ugonjwa wa nyanya na viazi uitwao “late blight” kwa Kiswahili cha mabwana shamba ni bakajani chelewa, na ndugu yake ni bakajani tangulia. Waliofasiri walichagua kuchelewa, nami naona walifanya sawa, ila jina lisimdanganye mtu akadhani ugonjwa husubiri mavuno yakaribie. Hali ya hewa ikiwa ya ubaridi na unyevunyevu, huvamia hata mche mchanga. Kwenye mbegu sasa, “late variety” si mbegu iliyochelewa. Ni mbegu ya muda mrefu, inayokomaa baada ya nyingine.


Mpwa wa Magomeni

Nawashukuru nyote. Mama mkubwa nimemweleza habari ya fomu na amefarijika, na kesho tunaijaza kabla ya jambo jingine lolote.

Limebaki moja. Wasifu unasema kwamba marehemu alifariki dunia “usiku wa kuamkia Jumamosi”. Binamu ameandika “late on Saturday night”. Shangazi, ambaye amekulia Tanga, anasema binamu yuko sahihi, kwa sababu kwao usiku huo huitwa usiku wa Jumamosi. Je, hapo pia “late” linafaa?


Mwalimu Mstaafu, Temeke

Shangazi anasema kweli kwa Kiswahili cha pwani, na binamu amekosea kwa Kiingereza. Kwa hesabu ya wazee wa pwani siku huanza jua linapotua, kwa hiyo usiku hutangulia mchana wake, na usiku wa Jumamosi ni ule unaoanza Ijumaa magharibi. Magazeti yetu yalikwepa mkanganyiko huo kwa kuandika “usiku wa kuamkia”. Kwa Kiingereza siku hubadilika saa sita usiku, na “Saturday night” huanza Jumamosi jua likishatua. Rasimu ya binamu inamwongezea mzee karibu siku nzima ya kuishi, na tarehe haitapatana na ya cheti cha kifo kilichotolewa na RITA, wakala wa serikali wa usajili. Kampuni ya bima wakiona tarehe mbili wataandika barua, na barua hiyo itachukua wiki.

“Late” linaweza kutumika, lakini kwa sharti. Likitajwa pamoja na usiku wa siku fulani, katika nyaraka lina maana ya usiku uliokwenda sana ila bado haujavuka saa sita. Kama alifariki saa nne au saa tano usiku, andika “late on Friday night”. Kama ilikuwa saa saba, saa nane au saa tisa usiku, ule tunaouita usiku wa manane, Kiingereza cha nyaraka hakiiti tena “late”. Saa hizo ni za mapema za siku inayofuata, nawe utaandika “in the early hours of Saturday”. Kwetu ni usiku mmoja usiokatika hadi alfajiri, kwao umekatwa katikati, na nusu ya pili ni mapema badala ya kuwa mwishoni.


Mpwa wa Magomeni

Cheti kina tarehe ya Jumamosi, na dada aliyekuwa zamu wodini alimpigia mama mkubwa simu saa nane na nusu usiku.


Mwalimu Mstaafu, Temeke

Basi “late” liondoke kwenye mstari huo. Andika “in the early hours of Saturday”, ufuatishe tarehe ileile iliyo kwenye cheti.